Theluji ya Kilole

“Mama Husna, hivi duniani kuna maji yasiyooza?”

Swali hilo Mama Deo aliliuliza asubuhi moja ya Desemba, amesimama upande wake wa ugo wa minyaa, mkononi kashika chupa ya jemu ambayo maji yake yalikuwa yamegeuka kijani. Mwatumu, ndiye huyo Mama Husna, alikuwa ameinamia beseni anafua mashuka ya mama mkwe wake, mashuka ambayo siku hizo yalifuliwa asubuhi na kufuliwa tena jioni. Kiuno kilikuwa kinamkata. Alijibu bila kuinua kichwa, kama mtu anayefukuza nzi.

“Labda Zamzam, mwenzangu. Mengine yote yanaoza, hata haya ya machoni.”

Mama Deo akacheka, akaimwaga ile chupa kwenye mfereji na kuziba pua. Watoto wa Mwatumu, Husna wa darasa la sita na mdogo wake Mwanaidi, walikuwa wamechuchumaa pembeni wakikata ndala kuukuu kwa wembe. Wao hawakucheka. Husna alimtazama Mwanaidi, Mwanaidi akamtazama Husna, kisha wakaendelea kukata.

Hizo ndala zilikuwa nyumba. Mama Deo, ambaye jina lake la ubatizo ni Evodia, mjukuu wa wakata mkonge walioletwa na mashamba wasirudi kwao, aliwahi katika usichana wake kufanya kazi ya usafi kwa masista kule Lushoto. Huko, juu ya meza ya sista mkuu, kulikuwa na tufe la kioo lenye maji, na ndani yake kanisa dogo. Ukilitikisa, theluji inapanda, inazunguka, halafu inashuka polepole juu ya paa mpaka dunia yote ya mle ndani inatulia. Aliwahi kulitikisa siku nzima sista alipokwenda Tanga, akasahau kupiga deki. Hilo tufe halikumtoka kichwani.

Sasa Mama Deo anauza machungwa pale Mombo, kwenye madirisha ya mabasi. Kila Desemba anawaona watu wanaopanda kwenda Moshi kula sikukuu kwao, mabasi yamejaa mpaka mbuzi wanalia kwenye buti. Mwaka huo akasema, “Hawa wananunua machungwa kwa kukosa cha kununua. Mimi nitawauzia Krismasi ndani ya chupa.” Shule zilikuwa zimefungwa. Akawaita watoto wa jirani yake, na Mwatumu akakubali kwa sababu Januari haikuwa mbali, na sketi ya shule ya Husna ilikuwa imepanda juu ya magoti.

Kazi yenyewe ilikuwa na adabu yake. Maganda ya mayai yanaokotwa kwa wauza chipsi, yanachemshwa, ile ngozi nyembamba ya ndani inamenywa yote, kisha yanatwangwa kwenye kinu kidogo cha viungo mpaka yawe chengachenga, si unga. Yakiwa unga yanachafua maji. Ndala inakatwa nyumba yenye paa la mgongo wa tembo, inagandishwa kwa gundi ndani ya kifuniko. Chupa inajazwa maji na matone ya glisirini ya duka la dawa, ili theluji isikimbilie chini kama mchanga. Halafu kifuniko kinakazwa na kuzungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli. Mwanaidi, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vidogo, ndiye aliyemenya ngozi za maganda. Husna alikata nyumba. Nyumba zake zote zilikuwa na dirisha moja, upande wa kulia, kama chumba cha bibi yao.

Ila maji. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na bomba la Kilole, mtaa wao, likawa linatoa kitu chenye rangi ya chai ya maziwa. Walichuja kwa khanga, wakaacha yatuame. Chupa zilipendeza kwa muda, kisha zikaota utelezi, zikanuka kama kisima alichofia chura.

Na maneno nayo yalianza. Mama mmoja wa kikundi cha darsa alimsimamisha Mwatumu njiani, akamwambia kwa sauti ya huruma, ile huruma inayosikika hadi ng’ambo ya barabara, “Mwatumu, mdogo wangu, ni kweli watoto wa marehemu Hiza wanatengeneza Krismasi?”

“Wanatengeneza mvua nyeupe, dada. Mwenye mvua ni Mungu.”

Alijibu vizuri, lakini alipofika nyumbani hakuona raha. Alitawadha, akaswali alasiri, na katika sijda alikaa zaidi ya kawaida, sehemu kwa kuomba na sehemu kwa sababu paji la uso lilipogusa mkeka ubaridi wake ulimpumzisha.

*

Ghafla chupa zikaacha kuoza.

“Mmeyafanyaje?” Mama Deo aliuliza, ameinua moja juani. Maji yalikuwa meupe kama hayamo. “Mmeyachemsha?”

“Ni maji mazuri tu,” alisema Husna, macho yakiwa kwenye vidole vya miguu.

Mama Deo hakuuliza zaidi. Biashara ikitembea huisimamishi ikueleze inakwenda wapi. Alizipanga chupa kwenye sinia pamoja na machungwa, akapanda gari la Mombo, na jioni alirudi na sinia tupu, sauti imemkauka. “Mzee mmoja, mnene hivi, amempokonya mkewe dirishani! Mke anasema, ‘Theluji ipo kule mlimani, unainunua ya nini?’ Mume anamwambia, ‘Ile ya mlimani haitikisiki.’” Akawaletea watoto madaftari na kitambaa cha sketi, na kwa Mwatumu sukari, na moja ya chupa akaiweka nyumbani kwake, katikati ya pango la Noeli, nyuma ya kondoo.

Chupa nyingine watoto waliiweka kwenye kigoda karibu na kichwa cha bibi yao.

Bi Mwanaisha alikuwa amelala upande mmoja tangu kiharusi kilipompiga. Upande wa kulia ulikuwa wake, wa kushoto ulikuwa wa Mungu. Ulimi ulibakiwa na maneno machache ya Kiswahili na Kizigua, nayo yalikuja yanapotaka. Alikuwa akisema “maji.” Alikuwa akisema “Hiza,” jina la mwanawe aliyetangulia, na hilo jina alimwita kila aingiaye: Mwatumu alikuwa Hiza, watoto walikuwa Hiza, hata Mama Deo alipokuja na ndizi za kusonga aliitwa Hiza akaitika. Na tangu siku ile chupa ilipowekwa kigodani, alipata neno jipya.

“Tikisa.”

Mwanaidi alikuwa anatikisa. Theluji inapanda, inazunguka, inashuka. Jicho la kulia la Bi Mwanaisha linaifuata mpaka chengachenga ya mwisho ilale.

“Tikisa.”

Mwatumu alipata hapo nafasi ya kumgeuza, kumpangusa mgongo kwa maji ya uvuguvugu, kumpaka mafuta ya nazi viwikoni na visiginoni, bila yule mzee kulia kama alivyozoea kulia. Alimshukuru Mungu kwa kile kichupa. Hakuuliza kilijazwa nini.

*

Simu ililia mchana, sufuria ya ugali iko jikoni. Alikuwa Awadhi, mtoto mkubwa wa Bi Mwanaisha, mwenye ghala la mahindi Handeni. Alikuwa amekwenda kuhiji, na watu wa kule walimwita Haji.

“Mwatumu, mgonjwa anaendeleaje?”

“Yupo, shemeji. Alhamdulillahi. Uji anakunywa.”

“Huku Hamisa amesikia maneno.” Hamisa ni mkewe. “Kwamba mama analala kwenye mashuka yaliyolowa, na kwamba watoto wanashinda kwenye ugo wa Mkristo wanatengeneza vitu vya Krismasi.”

Mwatumu aliusogeza ugali usiungue. “Maneno hayana mlango, shemeji. Njoo uone kwa macho.”

“Ndiyo ninachotaka kukwambia. Ijumaa nakuja na gari. Nikimkuta ametunzwa, atabaki. Nikikuta kinyume, nitamchukua nikamuuguze kwangu, na hiyo nyumba nitaitafutia mpangaji. Mimi ndiye mkubwa, aibu ni yangu. Tusilaumiane.”

“Tusilaumiane, shemeji.”

“Na yale maji yapo?”

“Maji gani?”

“Zamzam. Niliyoyaleta kutoka Makka kwenye dumu.”

“Yapo. Uvunguni mwa kitanda chake, palepale ulipoyaweka.”

“Vizuri. Yale si ya kiu. Ni ya kumtia kinywani siku yake ikifika.”

Simu ikakatika. Mwatumu alisimama na mwiko mkononi. Nyumba ilijengwa na baba mkwe wake, Mungu amrehemu, na baada yake hakuna aliyeuliza ni ya nani, kwa sababu Bi Mwanaisha alikuwa ndani. Siku Bi Mwanaisha atakapotolewa, swali litaingia. Yeye kwao ni kijiji cha Mkumbara, kwa kaka yake, na kaka yake ana chumba ambacho tayari kinalala kuku na watoto. Tena hakuwa anawaza nyumba tu. Hamisa alikuwa hajawahi kumpangusa yule mzee hata mate. Nani angejua kwamba hapendi kugeuzwa kwa bega, kwamba hushikwa kiunoni?

*

Alhamisi alifagia na kupiga deki, akatoa hata buibui wa kwenye boriti. Alipolivuta dumu kutoka uvunguni alifute vumbi, akashangaa. Lilikuwa zito. Alikumbuka wazi kwamba lilikuwa limepungua kidogo, kwa sababu Ramadhani iliyopita, kabla ya kiharusi, mama mkwe wake alifuturu kwa maji yale. Sasa lilikuwa limejaa hadi shingoni. Akalisogeza mlangoni kwenye mwanga. Chini kulikuwa na tope jekundu lililotuama. Akalifungua, akanusa. Yalikuwa maji ya bomba la Kilole baada ya mvua.

Alikaa chini kama mtu aliyesukumwa.

“Husna! Mwanaidi!”

Walikuja. Mwanaidi aliliona dumu, akaanza kulia kabla hajaulizwa.

“Nani kagusa maji ya bibi?”

“Mimi, mama,” alisema Husna.

“Yako wapi?”

“Kwenye chupa.”

“Chupa zipi?”

“Za Mama Deo. Nyingine zimeshafika Moshi.”

Mwatumu alilisukuma dumu pembeni. “Ni shetani gani aliyewatuma?”

Husna akasema kwa sauti ndogo, bila ubishi, kama anayejibu swali la darasani, “Ulisema wewe, mama. Mama Deo aliuliza maji gani hayaozi, ukasema Zamzam.”

“Na haya ya tope?”

“Nilitia mimi,” alisema Mwanaidi katikati ya kwikwi. “Bibi asikose.”

“Bibi aliwaona?”

“Alikuwa amelala,” alisema Husna. “Hatukumwomba.”

Mwatumu aliinua mkono. Mkono wenyewe ulikuwa umechoka, ungeanguka njiani kabla haujafika shavuni, na kabla ya hapo moyo nao ulikuwa umekwisha kuanguka. Akaushusha akaukalia. Maji aliyoyakumbatia mtu tangu Makka, akapita nayo uwanja wa ndege na mabasi, na sasa yako juu ya kabati la watu Moshi, wanayatikisa wakisubiri pilau. Na neno lilitoka kinywani mwake mwenyewe. Watoto wangemsikiliza nani, kama si mama yao?

Mama Deo alipoelezwa alijishika kichwa. “Maria Mtakatifu! Kumbe nimeweka Zamzam kwenye pango la Noeli?”

“Nyuma ya kondoo,” alisema Mwatumu.

Wakatazamana, na kicheko kikawatoka wote wawili, kile kicheko kibaya cha msibani, ambacho ukikizuia kinatokea puani. Kikaisha haraka.

“Sikia, Mama Husna,” alisema Mama Deo, amepunguza sauti. “Mwaga hayo matope. Osha dumu. Tia maji ya dukani, yale ya chupa, meupe kama yale. Nani atayajua?”

“Mama atayaonja.”

“Mama haongei.”

“Basi ndiyo kabisa nisimdanganye.”

“Mimi dini yenu siijui. Ila yetu, kwa ajili ya watoto wasilale nje, ingeniruhusu.”

“Haikuruhusu hata yenu, unajisemea tu.”

“Ee, najisemea,” alikiri Mama Deo. “Lakini fikiri.”

Jioni, Mwatumu alipofungua mlango amwage maji machafu, alikuta chupa kubwa ya maji ya dukani imewekwa kizingitini, imefunikwa na khanga ya Mama Deo. Akaiingiza ndani. Akaiweka karibu na dumu lililokwisha oshwa. Vilikuwa viwili pale chini, kimoja kimejaa na kingine kitupu, na midomo yake ilikuwa karibu kulingana. Ilikuwa kazi ya kuinamisha mkono tu.

Alipoamka kuswali alfajiri aliifungua ile chupa. Akapikia uji wa mkwe wake. Dumu akalirudisha uvunguni, tupu, safi.

*

Awadhi alifika baada ya swala ya Ijumaa, kanzu imepigwa pasi, harufu ya udi imemtangulia. Dereva wake, kijana Sabiri, aliegesha gari aina ya Noa mlangoni kabisa. Viti vya nyuma vilikuwa vimelazwa, na juu yake godoro limekwisha tandikwa, blanketi jipya limekunjwa, bado lina karatasi yake. Majirani walitoka, mmoja na ufagio, mwingine na mtoto mgongoni, wote wana shughuli barabarani.

“Shikamoo, baba mkubwa,” walisema watoto.

“Marahaba.” Alivua viatu, akaingia chumbani.

Mwatumu alisimama ukutani, mikono ameifunga ndani ya khanga. Awadhi alimbusu mama yake kichwani, kisha akaanza kazi. Aliinua shuka. Akanusa. Akaingiza kiganja chini ya mgongo wa mama yake akakipapasa, kama anavyoingiza mkono ndani ya gunia la mahindi kutafuta unyevu. Akatazama visigino. Akatazama kucha. Akageuza mto, akatazama chini yake. Muda wote huo hakumwambia Mwatumu hata neno, na Mwatumu alihisi uso unamwaka, lakini akauacha uwake. Mwenye kuuliza na aulize.

“Hiza,” alisema Bi Mwanaisha.

“Ni Awadhi, mama.”

“Hiza.”

Awadhi alilirudisha shuka, akalilainisha. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu. “Hana kidonda hata kimoja,” alisema. “Mke wa rafiki yangu amelala miezi miwili tu, mgongo umeoza, na wana muuguzi wa kulipwa.” Akakohoa. “Umemtunza, Mwatumu.”

“Ni mama yangu pia, shemeji.”

“Nitamwambia Hamisa ashike ulimi wake.” Akaketi ukingoni mwa kitanda, mabega yameshuka, mtu aliyekuja tayari kwa ugomvi akaukosa. “Basi nimtie matone ya Zamzam nimsomee Yasini, niondoke zangu.”

Akainama, akaingiza mkono uvunguni. Dumu lilikuja jepesi mno, hata likamgonga goti.

Nje, ufagio wa jirani uliacha kufagia.

“Yameisha?”

Mwatumu alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri. Kabla hajayatoa, Husna alisema kutoka mlangoni, “Yapo humo, baba mkubwa.” Alionyesha kigodani.

Awadhi aliichukua chupa. Aliishika kwa vidole viwili, akaisogeza kwenye dirisha. “Humu mna nini?”

“Zamzam,” alisema Husna. “Na glisirini. Na maganda ya mayai. Na nyumba.”

“Nyumba gani?”

“Ya ndala.”

“Ya nini?”

“Ya ndala, baba mkubwa. Kuukuu. Tuliiosha.”

Awadhi alimtazama mtoto, akaitazama chupa, akamtazama Mwatumu. Alipozungumza sauti haikuwa kubwa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. “Wazee walifia kwenye msongamano ule wa hija. Mimi nilikanyagwa nikalikumbatia hili dumu kama mtoto. Nilisema, mama yangu hataona Makka, basi Makka itamfuata kinywani. Na ninyi mmeyatia ndala. Kiatu cha chooni.”

“Shemeji...”

“Mengine yako wapi?”

Mwanaidi akajibu, “Mombo. Watu wa basi wamenunua.”

“Mmeyauza!” Hapo ndipo alipopaza sauti. “Maji ya mama yangu ya kufia yameuzwa na machungwa! Sabiri! Lete blanketi!”

Mlango wa Noa ulisikika ukivutwa. Sabiri aliingia na blanketi, karatasi yake inalia, akasimama hajui amtazame nani. Mwatumu alisogea, bila kufikiri, akakaa kati ya blanketi na kitanda, na alijua kwamba alipokaa hapakuwa na maana, mwanamke mmoja mwembamba hazuii gari.

“Niliwapa.”

Wote waligeuka. Sauti ilikuwa nzito, imepinda upande, lakini neno lilikuwa neno.

“Mama?” Awadhi alipiga magoti. “Unasemaje, mama?”

“Maji. Mimi. Niliwapa.”

Miezi yote ile hakuwahi kupanga maneno matatu yakafuatana. Mwanamke huyu alikuwa hakosi kuswali hata kwa jicho moja, na sasa amelala na kaburi miguuni, anasema uongo.

Awadhi alibaki amepiga magoti. Hakuwa mjinga, miaka mingi ya kununua mahindi ilikuwa imemfundisha kusikia uzito. Akageuka taratibu. “Husna. Wewe nakujua, husemi uongo. Bibi aliwapa?”

Husna alimtazama mama yake.

Ilikuwa kutikisa kichwa tu. Mara moja, juu na chini, na gari linarudi Handeni tupu, na paa linabaki, na mzee anabaki na mikono anayoijua. Mwatumu aliona jinsi shingo ya mtoto ilivyokuwa nyembamba, na jinsi nyumba nzima ilivyokuwa imewekwa juu ya shingo ile.

“Usimwulize mtoto, shemeji,” alisema. “Niulize mimi.”

“Haya. Nakuuliza wewe.”

“Mama hakuwapa. Alikuwa amelala, wakachukua. Mdogo akajaza ya bomba bibi yake asikose. Na aliyewaambia kwamba Zamzam hayaozi ni mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa nafua. Sikuwatuma, lakini walinisikia.” Alivuta pumzi. “Nilipewa maji ya kudanganyia, ya dukani, nijaze hilo dumu. Nimepikia uji. Basi. Sina lingine.”

Sabiri aliinamisha kichwa. Nje mtoto wa jirani alilia akanyamazishwa upesi. Husna alikuwa anatokwa na machozi bila sauti, na mkono wake ulikuwa umelishika gauni la mama yake kwa nyuma, pale wasipoona wengine.

Awadhi alisimama. “Umesikia, mama? Mwenyewe anasema hukuwapa.”

Bi Mwanaisha alifumba jicho lake. Walidhani amelala. Kinywa kilikuwa kinatafuta, upande mmoja unavuta na mwingine unakataa, mate yanamtoka, na Mwatumu kwa mazoea alimpangusa kwa ncha ya khanga. Ndipo jicho likafunguka, likamtazama Awadhi. Halikumtazama kama Hiza.

“Basi nawapa sasa,” alisema. “Awadhi.”

Alikuwa hajalitaja jina hilo tangu kiharusi.

Awadhi alisimama na ile chupa mkononi. Mdomo wake ulitetemeka kama wa mtoto aliyenyang’anywa kitu na kupewa kingine kikubwa zaidi asichokijua. Yalikuwa maji ya mama yake, tangu siku ile alipoyaleta. Aliyekuwa na haki ya kuyatoa alikuwa ameyatoa, mbele ya mashahidi.

“Tikisa,” alisema Bi Mwanaisha.

Hakutikisa.

“Tikisa, Awadhi.”

Haji Awadhi aliipindua chupa, akairudisha wima. Theluji ilipanda ikajaza kioo, ikazunguka ile nyumba ya ndala yenye dirisha moja, kisha ikaanza kushuka, pole, pole, maji meupe pe hayana hata uzi wa kijani. Jicho la mama yake liliifuata. Na yeye aliifuata. Alisimama pale mpaka chengachenga ya mwisho ikalala juu ya paa.

Aliiweka chupa kigodani, akaisogeza karibu na mto, mahali ambapo mama yake angeiona bila kugeuza shingo. Akalichukua blanketi mikononi mwa Sabiri, akalichana karatasi, akalitandaza juu ya miguu ya mama yake na kulichomeka chini ya godoro pande zote. Mlangoni aliinama akavaa viatu vyake, akatoka, na gari likarudi Handeni tupu.